Yowe la Nyuma ya Ukuta

Kitendawili! Sema "tega", wewe uliyekaa hapo, usinitazame tu. Haya: kilitoka mara moja, hakikurudi kilikotoka. Aliyekizaa alikizika, waliokiokota wakakivika taji. Ni nini hicho? Fikiri taratibu. Ukishindwa usinipe mji, maana miji niliyopewa ni mingi na hakuna wa kuifagia. Twende kwa Nunzia, jibu utalikuta njiani.

Nunzia Scarpati alikuwa jikoni kwa mama yake, Brooklyn, Jumapili baada ya misa, anachuja tambi, aliposikia neno ambalo hakutarajia kulisikia mpaka anaingia kaburini.

"Mwaka huu nitakuja," mama yake alisema.

Chujio likamponyoka. Tambi zikamwagika sinkini, mvuke ukampanda usoni, naye hana habari.

"Utakuja wapi, Mama?"

"Huko kwenu kwa wendawazimu. Kwenye mkutano wa Thornmere. Ziokote tambi hizo, zinapoa."

Bi Filomena aliendelea kukoroga rojo yake ya nyanya kana kwamba amesema kesho kutakuwa na mvua. Nunzia alibaki na mikono hewani. Tangu watu wale waanze kukutana, amemwalika mama yake kila mwaka, na kila mwaka mama ana lake. Mara goti, mara baridi, mara paka wa jirani hajalishwa.

"Umeumwa, Mama? Nimwite daktari?"

"Bi Delphine amefariki," mama akasema. "Nimesoma gazetini. Wa ukuta ule nimebaki mimi peke yangu. Kwa hiyo nitakuja. Chumvi iko wapi?"

Sasa nikueleze kidogo, usije ukapotea. Jumba la Thornmere ulikuwa mchezo wa televisheni, Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi alasiri, miaka ile watu walipokuwa wakienda mwezini. Watoto walitoka shule mbio kama waliofukuzwa na nyuki wasije wakaukosa. Ndani ya jumba hilo alikaa bwana mmoja mnyonya damu, mchana amelala jenezani, na binti aliyekufa zamani asijue kwamba amekufa. Chini ya ngazi daktari wa jumba alijenga mashine ya kumrudisha mtu karne iliyopita. Hata mtoto wa miaka minne aliona kwamba mashine yenyewe ni masufuria yaliyopakwa rangi ya fedha, lakini akaipanda hivyo hivyo kwa moyo wake.

Kuta za jumba zilikuwa mbao nyembamba. Mlango ukibamizwa, ukoo mzima unatikisika, hadi picha za mababu. Na mchezo ulipigwa picha mfululizo bila kusimama, kwani kukata mkanda kulikuwa kuanza upya. Amri ya studio ilikuwa hiyo: taa nyekundu ikiwaka, hata nyumba ikiungua, mkanda haukatwi. Mwigizaji akisahau maneno, kosa linabaki. Popo wa mpira akinasa kwenye wigi la bibi wa jumba, atabaki ananing'inia hapo mpaka mwisho. Watu waliupenda kwa makosa hayo hayo, kama unavyompenda mtoto mwenye pengo.

Bi Filomena alikuwa fundi wa mavazi mle studioni. Majoho, magauni ya mizimu, sanda za kutembelea usiku, vyote vilipita mikononi mwake.

Na kosa lililopendwa kuliko yote lilikuwa yowe. Bila shaka ulikwisha kulipata jibu, uliniachia tu niringe. Bi Delphine Ware, bibi wa jumba, alikuwa anashuka ngazi na kinara cha mishumaa. Mara nyuma ya ukuta mtu akapiga yowe ambalo halikuwa mchezoni, yowe la kupasua mbao. Bi Delphine akasita kidogo tu. Kisha akamgeukia kijana aliyekuwa naye, akasema kwa sauti laini, "Ni upepo tu, mpenzi." Akaendelea kushuka.

Mashabiki waliyafanya maneno hayo salamu yao. Mmoja akikutana na mwenzake husema, "Umesikia?" Mwenzake hujibu, "Ni upepo tu, mpenzi." Waliyachapa kwenye fulana na vikombe. Na kila mwaka walishindana kulipiga yowe lile, anayelipatia akavikwa taji la karatasi.

Nunzia alikuwa na mataji hayo kabati zima. Alikuwa mwanamke mkubwa, karibu hamsini, karani wa shule, mpole asiyepandisha sauti hata kwa watoto watundu. Lakini ukimweka nyuma ya ukuta, mama yangu! Vioo vinaomba radhi. Hata hivyo kulikuwa na donge moja moyoni mwake. Tangu utoto, kila alipolifanyia mazoezi yowe lile nyumbani, mama yake aliinuka, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji hadi mwisho. Shaaa! Mpaka binti amalize. Hakumkemea hata siku moja. Alifungua bomba tu.

Kwa hiyo Nunzia alitaka kitu kimoja. Taji analo tayari. Alitaka mama yake akae kitini, amsikie mwanzo hadi mwisho, mahali ambapo hakuna bomba.

Mkutano ulikuwa katika hoteli moja kando ya mto Hudson, Jumamosi mchana. Bi Filomena aliingia na koti lake jeusi la kanisani na mkoba wake wa miaka yote, na ukumbi mzima ukasimama. Watu wazima, baadhi wana wajukuu, wamevaa majoho na meno ya plastiki, wanampigia makofi fundi wa nguo. Bi kizee akashtuka, akarudi nyuma hatua moja.

"Hawa wote wazima?" akamnong'oneza binti yake.

"Wazima, Mama."

"Mh!"

Mwenyekiti wao alikuwa Gil Oberholt, tarishi mstaafu wa posta, jitu la kifua, joho limemfika magotini tu. Alipiga goti mbele ya bi kizee kama mbele ya malkia.

"Bi Filomena, mimi nimeisubiri siku hii tangu sina ndevu."

"Na joho hilo umelivaa tangu huna tumbo," Bi Filomena akamjibu.

Ukumbi ukaangua kicheko. Bernadine, shoga yake Nunzia, alicheka mpaka meno yake ya mnyonya damu yakamdondokea kwenye kahawa.

"Tuambie, Bi Filomena, joho lenyewe la bwana wa jumba lilishonwa Ulaya?"

"Ulaya ya wapi? Lilikuwa pazia. Nyumba ya maiti pale mtaani walikuwa wanabadilisha mapazia, nikawaomba."

Wakapiga kelele kwa furaha kama walioonyeshwa dhahabu.

"Na damu?"

"Sharubati. Nzi walimpenda yule bwana kuliko ninyi."

Basi kumbukumbu zikafunguka kama gunia lililotoboka. Huyu anakumbuka jiwe la kaburi lililopeperushwa na feni, mfiwa akalikimbilia akalirudisha huku analia. Yule anakumbuka daktari aliyeingia kwenye mashine yake, akaenda karne iliyopita na saa ya mkononi. Kisha wakafika kwenye swali ambalo kila mtu wa Thornmere lazima alijibu: siku ile ya yowe, ulikuwa wapi?

"Mimi nilikuwa chini ya meza," Gil alisema. "Nilitoka kesho yake."

"Mwongo! Dada yako alituambia ulijikojolea!" Bernadine akamkata.

"Nilijikojolea chini ya meza. Nimesema uongo gani?"

Ikafika zamu ya Nunzia. Kisa chake walikijua, wakakitaka tena.

"Nilikuwa na miaka minane," akasema. "Baba alikuwa amefariki bandarini, hata arobaini haijafika. Nimekaa zuliani na bilauri ya maziwa. Yowe likatoka, nikaruka, nikacheka hadi nikayamwaga maziwa yote. Mama akatokea mlangoni. Nikamwambia, 'Mama, umesikia?' Akanijibu pale pale, 'Ni upepo tu, mpenzi.'"

"Aaa!" ukumbi ukaitikia kwa mapenzi.

"Umeona?" Gil akawaambia. "Fulana tumechapa juzi, lakini shabiki wa kwanza duniani ni huyu hapa!"

Makofi yakapigwa. Bi Filomena alikuwa anaangalia kifungo cha mkoba wake.

"Bi Filomena," Gil akaendelea, "wewe ulikuwemo siku ile. Tumegombana miaka arobaini. Wako wasemao ni Bi Delphine mwenyewe alipiga huku kafumba mdomo. Wako wasemao ni mabomba ya maji. Shangazi yangu anaapa ni mzimu wa kweli. Na ule mchakacho!"

Hapo wote wakasogea mbele. Maana kabla ya yowe kuna mchakacho mdogo, chaka-chaka, kama mchele uliomwagika sakafuni. Asiye wa Thornmere hausikii. Wa Thornmere huukosea usingizi.

"Ni kucha za panya," Gil alisema.

"Ni minyororo ya mzimu," Bernadine akasema.

"Mzimu gani mwenye minyororo midogo hivyo? Wa kuku?"

"Bi Filomena, hebu tuamulie. Nani alipiga yowe lile?"

Bi Filomena akafungua mkoba, akatoa leso, akaufunga mkoba bila kuitumia leso.

"Shindaneni kwanza," akasema.

Jukwaani walikuwa wamesimamisha ukuta wa mbao, wameupaka rangi za Thornmere, na mshindani husimama nyuma yake asionekane. Walizima taa, wakaonyesha kwanza kipande chenyewe kwenye skrini ili masikio yapate kipimo. Bi Delphine, sasa marehemu, akatokea bado kijana, kinara mkononi. Chaka-chaka. Kisha yowe.

Nunzia hakuangalia skrini. Alimwangalia mama yake kwa mwanga ule. Akaona kwamba mama yake hakushtuka. Ukumbi mzima uliruka, waliolisikia mara elfu waliruka, naye alikaa kama mtu anayepita mbele ya nyumba yake mwenyewe.

"Ni upepo tu, mpenzi!" ukumbi ukaitikia pamoja na Bi Delphine, watu wakavunjika mbavu.

Washindani wakaanza. Bernadine alilipiga la kuku. Bwana mmoja alilipiga likamkwama katikati, ikabidi apigwe mgongoni na kupewa maji. Kila mmoja ukumbi ulimwitikia, "Ni upepo tu, mpenzi!" na Gil akagaragara kitini.

Mwisho akapanda Nunzia. Aliusogelea ukuta, akaweka kiganja kwenye mbao. Alimfikiria mama yake kitini bila bomba, akavuta pumzi kutoka kwenye nyayo, akaliachilia.

Lilikuwa lenyewe. Hata wahudumu wa hoteli walichungulia mlangoni na sinia zao. Likapanda, likavunjika pale linapovunjika, likashuka kama lile lile. Na ukumbi, watu mamia, ukajibu kwa pamoja hadi taa zikatikisika: "NI UPEPO TU, MPENZI!"

Gil alikwisha kunyanyua taji. Ndipo Bi Filomena akasimama.

"Si hivyo," akasema.

Watu wakacheka. "Ebo! Hakimu amepatikana! Msahihishe, Mama Filomena!"

"Nunzia, umelipiga umesimama. Yule mwanamke hakuwa amesimama. Alikuwa amepiga magoti."

Wakacheka tena, ila safari hii kicheko kilichechemea. Nunzia akatoa kichwa pembeni ya ukuta.

"Umejuaje, Mama?"

"Pindo la gauni hulikunji umesimama. Nilikuwa nakunja pindo la sanda ya yule binti mzimu, aingie baada ya Bi Delphine. Nimepiga magoti kwenye saruji, mdomoni nimejaza pini, kama mafundi wote. Mtu hawezi kupiga yowe na pini mdomoni. Nilizitema kwanza."

Ukisikia watu wanasema kimya cha makaburini, waambie makaburini kuna ndege. Pale hapakuwa na kitu.

Kijana wa mitambo, aliyekuwa akionyesha kile kipande, bila kuambiwa, akarudisha mkanda nyuma kidogo. Chaka-chaka. Kila mtu akasikia, na kila mtu akajua kwamba hatasikia panya tena wala minyororo mpaka kufa kwake. Zilikuwa pini zinaanguka kwenye saruji.

"Zima, mwanangu," Bi Filomena akamwambia kijana. "Usiendelee mbele."

Nunzia alishika ukingo wa ukuta wa mbao, na ukuta ukatikisika kama zile za zamani. Hakuna aliyecheka.

"Shemeji yangu Carmine alikuja," mama yake akasema. Alisema polepole, kama mtu anayepima kitambaa asikikate vibaya. "Aliingia kwa mlango wa nyuma. Taa nyekundu inawaka, lakini yeye kuli wa bandarini, atajua nini habari ya taa? Alisimama mbele yangu. Hakusema neno. Mkononi ana kulabu ya mume wangu Salvatore, ile ya kukamatia magunia. Wa bandarini wanajua. Kuli humpa mwenzake mkate, humpa koti, humpa hata zamu yake ya kazi. Kulabu yake hampi mtu. Ukiiona kwenye mkono mwingine, mwenyewe hana mkono wa kuishikia."

Mama mmoja aliyevaa mabawa ya popo alijifunika mdomo kwa bawa.

"Nikapiga yowe. Moja tu. Fundi wa taa akanirukia, akanifunika uso na joho, lile la mapazia, kwa sababu mkanda haukatwi. Nilikaa ndani ya joho lile mpaka mchezo ukaisha. Bi Delphine alikuwa upande wa pili wa mbao, karibu kama wewe na mimi. Alidhani nimejichoma kidole. Alisema lile alilosema ili mchezo usiharibike. Taa zilipozimwa alikuja mbio na kinara mkononi, akaniona, akaniangukia miguuni. Hakujisamehe maisha yake yote. Kila Krismasi aliniandikia neno moja tu: nisamehe. Alikuwa bado hai, ningesema nini? Ninyi mnampenda kwa maneno yale. Ningemchoma kisu mkiwa mnampigia makofi."

Gil Oberholt alianza kulivua joho lake. Kifungo kilimkatalia, akakivuta kikakatika. Huku na huku ukumbini, mmoja mmoja, watu walikuwa wanakunja mikono vifuani, wanavaa makoti, wanafunika maandishi ya fulana zao kama waliokutwa uchi.

Nunzia alishuka jukwaani. Kichwani mwake jambo moja lilikuwa linagoma kuingia.

"Lakini, Mama, baba alikuwa ameshazikwa. Yowe lile lilitoka Machi. Wote hapa tunaijua tarehe."

"Lilionekana Machi," mama akasema. "Mnaijua tarehe ya kuonyeshwa. Tarehe ya kupigwa picha mnaijua?"

Walijua rangi ya soksi za daktari. Walijua idadi ya mishumaa ya kinara. Lakini kwao Thornmere ilizaliwa saa kumi alasiri kwenye zulia la nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza ilikuwa imekaa wapi kabla ya hapo. Mkanda ulingoja wiki kadhaa kwenye rafu. Katika wiki hizo mtu alikufa, akaoshwa, akazikwa, na mke wake akarudi kazini kukunja mapindo kwa sababu kuna mtoto wa kulisha.

Ndipo Nunzia akaelewa yote kwa mpigo. Mataji yale kabatini. Mazoezi yale bafuni, ngazini, jikoni, utotoni na ukubwani. Dakika chache zilizopita, nyuma ya mbao, kwa ustadi, akitafuta sifa. Miaka arobaini alikuwa akimpigia mama yake yowe la ujane wake mwenyewe, akisubiri kupongezwa.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

Sauti haikuwa ya malkia wa yowe. Haikufika hata safu ya pili.

Bi Filomena alimtazama.

"Nipeni maji," akasema. Bernadine akamletea. Akanywa yote. "Nipeleke nyumbani, mwanangu."

Waliwapisha njia. Hakuna aliyesema "Umesikia?" Mlangoni Gil, bila joho, mtu mzima mwenye shati la kawaida, akamshika bi kizee mkono kwa mikono yake miwili. Bi Filomena akampigapiga kifua.

"Kifungo nitakushonea," akamwambia.

Waliondoka kwa gari. Mto uliwafuata upande wa kulia, kisha ukaachana nao. Nunzia alishika usukani kama unaotaka kukimbia. Mara mbili alifungua mdomo kuuliza tena, na mara mbili akajikuta anaona mapaja ya mama yake, mkoba umekaa juu yake, na chini ya pindo la gauni lile goti ambalo kila mwaka lilikuwa sababu ya kutokuja. Kumbe ndilo lililokuwepo kwenye saruji siku ile.

Walifika jua bado lipo. Bi Filomena hakuvua koti. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akachukua nyanya mbili ambazo hakuna aliyemwambia azioshe, akafungua bomba. Shaaa!

Nunzia akanyoosha mkono, akalifunga.

Jiko likanyamaza. Tone moja likaanguka, la pili, basi.

"Bomba hili, Mama," akasema. "Nililichukia maisha yangu yote. Nilidhani hutaki kunisikia. Na ulikuwa na haki. Ningekuwa mimi ningenizaba kofi. Nimekuuliza kule mbele za watu hukujibu. Sasa tuko wawili. Kwa nini hukuniambia?"

Mama yake alizishika zile nyanya zilizolowa, maji yanamtiririka kwenye mikono ya koti.

"Bomba sikulifungua nisikusikie wewe," akasema. "Nililifungua usinisikie mimi. Kila ulipolipiga nililia. Ungesikia, ungeacha."

"Si ndivyo ilivyotakiwa? Niache?"

"Hebu keti."

Nunzia akaketi. Mama akabaki amesimama, mgongo kwenye sinki.

"Tulipomzika baba yako ulinyamaza. Hukulia, hukuomba kitu, hukusema ndiyo wala hapana. Shangazi yako alikuletea supu, ikapoa. Padri alikuja, ukamtazama kama ukuta. Ulilala umekumbatia kiatu cha baba yako cha kazini, na kilikuwa kinanuka samaki, na sikuthubutu kukuchukulia. Majirani walianza kuniambia nikupeleke hospitali. Nikasema moyoni, Salvatore ameondoka na wote wawili.

"Siku ile nilikuwa chumbani napiga pasi. Sikukumbuka kwamba ndiyo siku yenyewe ya kuonyeshwa. Mara namsikia mwanamke anapiga yowe sebuleni kwangu, na mwanamke mwenyewe ni mimi. Nikatoka mbio kuja kuizima ile televisheni, kuivunja, kuitupa dirishani. Nimefika mlangoni, mkono nimeshaunyoosha."

Akaziweka nyanya kwenye meza, moja, kisha ya pili, zisiviringike.

"Maziwa yako yako zuliani. Ukanigeukia. Ukaniambia, 'Mama, umesikia?' Ndilo neno lako la kwanza tangu kaburini."

Nunzia alikuwa ameshika meza kwa mikono yote miwili.

"Unauliza kwa nini sikukuambia," mama yake akasema. "Ulikuwa unacheka, Nunzia. Ndiyo maana."